Mikoba Mia Tano kwa Bibi Liang

Mimi sikwenda China kutazama mahekalu. Nasema mapema, asije mtu akanihesabu miongoni mwa wale wanaopanda ndege kwenda kupiga picha na mawe. Naitwa Swalha, muuza mikoba wa Kariakoo, mwaka wa kumi na nane sasa. Guangzhou kwangu mimi ni viwanda vya Shiling, ghala la mzigo, na sahani ya wali Barabara ya Huanshi Zhonglu nikiwa nimevua viatu chini ya meza. Basi. Kama ungeniuliza mji ule una kitu gani cha kale, ningekutajia kontena langu la mwaka juzi lililokwama bandarini.

Aliyenitoa kwenye njia zangu hizo ni Marijani.

Marijani ni mtu wa Tanga, umri wake arobaini na saba, mwembamba, shati la mikono mirefu hata siku ya joto la kuyeyusha sabuni. Kazi yake ni ukalimani. Alifika Guangzhou mwaka 2007 kumnunulia mjomba wake vipuri vya pikipiki, akae wiki mbili arudi. Vipuri vikarudi, yeye akabaki. Kimandarini alikisoma darasani kama wenzake, lakini Kikantoni, lugha ya wenyeji hasa, alifundishwa na mama mmoja muuza mboga wa uchochoroni Xiaobei, ambaye alikataa kumuuzia mchicha mpaka autamke sawasawa. Marijani anasema alikula wali mkavu wiki nzima kwa ajili ya sauti moja tu.

Ukalimani wake ulikuwa na ufundi wa peke yake. Marijani hakutafsiri ulichosema. Alitafsiri ulichopaswa kusema kama ungekuwa na adabu. Siku moja pale Shiling nilimwambia mwenye kiwanda, laoban mmoja mnene, kwamba ni mwizi na mtoto wa mwizi, na zipu zake ni takataka. Marijani akaongea naye kwa upole, laoban akatabasamu, akaniletea chai na kunibadilishia zipu zote. Baadaye nikamuuliza amemwambia nini. "Nimemwambia umesikia sifa za kiwanda chake tangu enzi za baba yake," akajibu, "ndiyo maana zipu zimekushangaza."

Na alikuwa na ugonjwa mmoja. Tukiwa ndani ya gari tunakwenda kiwandani, wenzake tumelala midomo wazi, yeye atamsimamisha dereva ghafla, ashuke, akatazame paa la jumba fulani bovu lenye samaki wa vigae juu yake. Sisi tunanung'unika, jua linapanda, yeye yuko kule anasoma maandishi ya ukutani na kuongea na wazee waliokaa kwenye vigoda. Nilimwambia mara nyingi: "Marijani, paa halina faida." Anacheka tu.

Kisha zikaja simu. Laoban wa Shiling sasa ananitumia picha za mikoba nikiwa kitandani kwangu Magomeni. Namwandikia kwa Kiswahili, simu inageuza, ananijibu, mzigo unaondoka. Sisemi kwamba wengine walimtupa Marijani na mimi nikabaki. Mimi nilikuwa wa kwanza kumtupa, na simu niliyoitumia alinichagulia yeye. Mwaka huu, maonyesho ya Aprili kule Pazhou yalipofunguliwa, wafanyabiashara walijaa tele, lakini Marijani hakuwa na mteja hata mmoja. Nyumbani Tanga walikwisha kumpigia chokaa chumba chake, wakimsubiri mwisho wa mwezi.

Ndipo akaja na wazo lake la mwisho, akatueleza mgahawani, tukiwa watatu mezani: ziara fupi ya siku moja, mahekalu ya kale na vijiji vya asili vilivyomezwa na mji, kwa ajili ya watu wetu wanaokuja miaka nenda rudi bila kuona kitu. Mahekalu hayakuwa na taabu, milango yake iko wazi kwa kila mtu. Moyo wa ziara ulikuwa jumba moja la mababu, kijijini, nalo lina mwenye funguo, Bibi Liang, mwanamke wa miaka themanini kasoro miwili, asiyetaka kuona wageni tangu jamaa mmoja apande juu ya meza ya wafu ili apigwe picha. Marijani alikuwa amekwisha kumbembeleza miezi minne. Mwishowe akapewa nusu saa, kwa majaribio, watu wasizidi wanne.

"Akikubali, nitaleta watu kila Jumamosi, na maisha yangu yataendelea," Marijani alisema. "Akikataa, nafunga mizigo narudi Tanga. Sina la tatu. Naomba mniazime siku moja."

Mimi nikamwuliza kama chakula kipo. Akasema kipo. Nikakubali.

Tulikuwa mimi, Abdulhadi wa Unguja anayeuza vigae, mtu ambaye hatembei bila futi ya kupimia mfukoni, na Humphrey wa Moshi, muuza kava za simu, mtu wa makamo mwenye sauti ya spika. Tukiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi asubuhi ile, Marijani akatupa masharti. Msikanyage kizingiti, vukeni. Msinyooshee kidole vibao vya majina ya wafu wao. "Na la tatu," akasema akinitazama mimi peke yangu, "msiulize bei ya kitu chochote."

"Kwani mimi sina adabu?" nikasema.

"Adabu unayo, dada Swalha. Ila mkono wako una akili yake."

Nitakuwa mkweli: asubuhi ilinipendeza, na iliniudhi kwamba imenipendeza. Tulianzia msikiti wa kale wa Huaisheng, tukaswali rakaa mbili chini ya mnara ambao Marijani alisema ulikuwa ukiwaongoza mabaharia wakati mto ukipita karibu zaidi. Abdulhadi akasimama kimya muda mrefu, nikadhani amejawa na imani, kumbe anakadiria idadi ya matofali. Kutoka hapo tukaenda Hekalu la Mibanyani Sita, lenye mnara ambao ukiuhesabu kwa nje una ghorofa tisa, lakini ndani ni kumi na saba.

"Sasa ndiyo nimejua walikojifunza kupakia kontena," Humphrey akasema kwa ile sauti yake, na mtawa mmoja aliyekuwa akifagia akageuka kututazama. Marijani akamwambia neno, mtawa akacheka. Sikuuliza kaambiwa nini.

Mchana tukafika kijijini. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nawajua, mtajaa. Kiko wilaya ya Haizhu, si mbali na zile kumbi kubwa za maonyesho, na nilikuwa nimepita jirani yake labda mara arobaini nikiwa na mifuko ya sampuli begani. Kuna bwawa, kuna mti mkubwa, kuna vichochoro vya mawe, na nyumba kadhaa ambazo kuta zake zimejengwa kwa maganda ya chaza. Si kwamba zimepambwa nayo. Zimejengwa, maganda maelfu kwa maelfu yamepangwa midomo nje. Marijani akaeleza kwamba yanazuia joto, mvua na moto, na kwamba panya hawezi kuyatoboa. Abdulhadi akatoa futi yake.

"Hii wameitia chokaa gani?" akauliza, macho yamemtoka. "Marijani, njoo uniulizie hii chokaa." Ikawa hatoki tena kwenye ukuta ule. Mwenye nyumba akatoka, Abdulhadi akamshika mkono, Humphrey akawa anapiga picha, na Marijani akawa katikati anatafsiri mambo ya chokaa.

Mimi jua lilikuwa linanichoma. Mlango wa jumba la mababu ulikuwa mbele yangu, wazi, na ndani kunaonekana baridi. Nikavuka kizingiti vizuri kabisa kama nilivyofundishwa, nikaingia.

Bibi Liang alikuwa amekaa pembeni, mdogo wa umbo, funguo kiunoni. Nikainama kidogo, naye akainama. Mbele kabisa, juu, kulikuwa na vibao vyekundu vyenye majina, safu juu ya safu. Sikunyoosha kidole. Mpaka hapo nilikuwa mgeni wa mfano. Kisha macho yangu yakaangukia meza ya ubavuni, na juu ya meza ile palikuwa na mkoba.

Ndugu zangu, mimi nimeshika mikoba kuliko nilivyoshika watoto wangu. Ule ulikuwa mwekundu, umedariziwa vimraba, una mnyororo wa dhahabu na kifungo cha lulu. Nikauinua, nikashtuka kwa wepesi wake: ni karatasi! Kila kitu ni karatasi, mpaka zipu, na kazi yake haina kasoro. Kando yake viatu vya karatasi, saa ya karatasi, simu ya karatasi ndani ya boksi lake. Kichwani mwangu nikaona ukumbi mzima wa harusi Dar es Salaam, kila mwalikwa anapewa mkoba kama ule una pipi na leso ndani, na Kariakoo nzima hakuna mwenye nao ila mimi. Mkono ukaingia kwenye pochi, ukatoa simu. Marijani alisema kweli kuhusu mkono wangu.

"Shikamoo bibi," nikaiambia simu, nayo ikamwambia kwa Kikantoni. "Huu mkoba ni mzuri. Mnauza?"

Jibu likatokea kwa Kiswahili: mdogo wake ndiye fundi, anawatengenezea wenye haja. Je, mimi nina haja?

"Ninayo sana."

Ya watu wangapi, akauliza.

"Mia tano, kwa kuanzia."

Bibi Liang akaitazama simu, akaigonga kwa kidole. Akaninyooshea vidole vitano. Nikaona hajaelewa, nikatoa daftari langu la oda, nikaandika wazi: 500. Akalisoma, akaketi.

Wanawake, akauliza.

"Wengi wanawake. Lakini na watoto wa kike nataka, ukubwa mdogo. Myekundu iwe mingi. Na mambo yakienda vizuri, kila mwezi nitahitaji mingine mia tano."

Machozi yakaanza kumtoka bibi wa watu. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akawa anaupapasa.

Sasa mniwie radhi, lakini mimi nimefanya biashara China miaka kumi na nane. Nimeona laoban akishika kifua. Nimeona mwingine akinitolea picha ya watoto wake wanne, na baadaye nikagundua hajaoa. Nilichofikiri ni kwamba huyu bibi ni fundi mkubwa, ameanza kulia hata kabla sijaambiwa bei. Nami nikafanya tunachofanya sote: nikarudisha mkoba mezani, nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikageuka kuondoka taratibu ili niitwe.

Nikaitwa. Bibi Liang alinikimbilia mpaka mlangoni, akanivuta ndani, akaita kwa sauti kali upande wa uani. Wakatoka bibi watatu waliokuwa wakicheza mahjong. Akawaambia, wakaziba midomo. Mmoja akaniletea kigoda, wa pili maji ya moto kwenye kikombe, wa tatu akashika upepeo akawa ananipepea. Nikawaza, miaka yote hii Shiling hakuna aliyewahi kunipepea. Kijijini bado kuna heshima.

Hivyo ndivyo Marijani alivyonikuta: nimekaa kama bibi harusi, bibi wanne wamenizunguka wanalia, mimi nakunywa maji ya moto na kuwatikisia kichwa kwamba bei lazima ishuke.

Bibi Liang akaongea naye. Nilimwona Marijani akipoteza rangi usoni, kidogo kidogo.

"Dada Swalha, umefanya nini?"

"Nimeweka oda."

"Oda ya nini?"

"Ya hii mikoba. Ya harusi. Kwani vipi?"

"Dada, hii mikoba ni ya maiti. Mwezi huu wanazuru makaburi ya wazee wao. Wanachoma vitu hivi ili vimfikie marehemu huko aliko. Mkoba mmoja, mtu mmoja. Umemwambia umefiwa na watu mia tano."

Nikakiweka kikombe chini.

"Na watoto wa kike," Marijani akaendelea. "Na kwamba mambo yakienda vizuri, kila mwezi watakufa wengine mia tano."

Humphrey, aliyekuwa nyuma yake, akatoa sauti fulani puani, akatoka nje mbio. Mimi nilitamani ardhi inimeze pamoja na kigoda. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na haikuwa aibu ya kuchekwa. Mtu aliniomba siku moja tu ya maisha yangu. Nilimtupa kwa simu, na sasa nimekuja kumvunjia mlango wake wa mwisho kwa simu hiyo hiyo.

Abdulhadi akamnong'oneza Marijani: "Mwambie simu ilikosea. Hizi simu kila mtu anajua hukosea. Yameisha."

Na kweli, ilikuwa njia nyepesi. Neno moja tu na lawama ingekwenda kwa simu, na mkalimani angebaki na heshima yake yote. Kama kuna mtu duniani angeweza kulisema neno hilo kwa utamu, ni yeye. Nilimwona akilitafuta, na nilimwona akiliacha.

"Simu haikukosea," akasema. "Ilitafsiri kila kitu sawasawa, na ndiyo balaa yenyewe. Hapa mbele ya wazee wake siwezi kumdanganya. Nikimdanganya leo, Jumamosi ijayo nitamweleza mgeni nini humu ndani?"

Akamgeukia Bibi Liang, akasimama wima, akasema yote. Alisema kidogo kwa Kikantoni, kidogo kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, kama mtu anayesoma mashtaka. Kwamba mimi ni muuza mikoba. Kwamba sikufiwa na watu mia tano. Kwamba nilitaka kuipeleka mikoba ya marehemu Dar es Salaam, nikawape walioalikwa harusini. Kwamba alitukataza kuuliza bei na mimi nikauliza. Na kwamba machozi yake nilidhani ni mbinu ya biashara. Hilo la mwisho sikuwa nimemwambia. Alinijua tu.

Wale wenzake watatu wakamtazama Bibi Liang. Akauliza jambo moja.

"Anauliza hao watu wa harusini wangetia nini ndani," Marijani akasema.

"Pipi," nikajibu. "Na leso."

Mabega ya Bibi Liang yakaanza kutikisika. Nikadhani analia tena. Kisha akatoa kicheko kirefu, chembamba, akajishika mbavu, na yule mwenye upepeo akaupiga kwenye goti akasema neno, wote wanne wakaanza upya. Mmoja aliuchukua mkoba akautia mkononi, akatembea ukumbini kwa madaha kama mwalikwa wa harusi, ananijia mimi kuomba pipi. Nikacheka na machozi yakinitoka. Sijui yalikuwa ya nini.

Walipopumua, Bibi Liang akaketi karibu nami. Akauliza kama kweli sina marehemu hata mmoja.

"Mama yangu," nikasema. "Mwaka wa tatu sasa. Nilikuwa huku huku. Nilifika siku mbili baada ya mazishi."

Marijani alitafsiri neno kwa neno, hakuongeza sukari. Bibi Liang akainuka, akachukua ule mkoba mwekundu, akanipa. Wa mama yangu. Nichome pale nje, kwenye tanuri ya uani, atapata.

Hapo Abdulhadi akakohoa, nami nikamtazama Marijani nikiwa sina la kufanya. Akamweleza bibi kwamba sisi hatuchomi. Sisi humsomea marehemu, tukimtaja jina na kumwombea. Bibi Liang akafikiri, akasema basi someni, ila nje, kwenye ukumbi wa wazi, msije mkawachanganya wazee wangu. Tukatoka tukasimama uani, tukainua mikono, tukamsomea mama yangu Fatiha. Humphrey aliyekuwa amejificha huko akainamisha kichwa. Bibi Liang alisubiri pembeni mpaka tukaitikia amina.

"Anauliza mmemwombea nini," Marijani akasema.

"Msamaha. Rehema. Nuru kaburini."

Bibi akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akauliza tena, kwa wasiwasi wa kweli kabisa: "Na mkoba?"

Mama yangu hakuwahi kubeba mkoba maisha yake yote, hata mmoja wa kwangu. Nikamwambia bibi hivyo, naye akaguna, akauchukua akaurudisha mezani pole pole.

Kisha akamgeukia Marijani. Akamwuliza wazee wa kwake yeye ni nani na nani, awataje. Ndani ya jumba lile Bibi Liang angeweza kuwataja wa kwake kwa vizazi ishirini na tatu, kimoja kimoja, na nani alizama mtoni na nani alifaulu mtihani wa mfalme.

"Mimi ni Marijani," akaanza, "baba yangu Msabaha, baba yake Rahim, baba yake..." Akasimama. Akatazama juu. Tulimsubiri.

Bibi Liang hakucheka safari hii. Alisema maneno machache, na Marijani akatutafsiria bila kutuangalia. "Anasema, nitasimamaje humu kuwaeleza wageni habari za babu zake, na wangu mwenyewe wameniishia kwa wawili. Anafunga saa kumi na moja. Nikimletea vizazi saba kabla hajafunga, Jumamosi nije na watu wangu. Nisipowaleta nisirudi."

Saa ilikuwa kumi na robo. Tukaenda kukaa kwenye benchi la mawe kando ya bwawa, na Marijani akapiga simu Tanga, ambako ilikuwa saa tano asubuhi. Mtu aliyebaki duniani wa kuyajua majina yale ni mmoja, Bi Kauthar, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Sauti ya bibi huyo haihitaji spika, tuliisikia sote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba mwanangu! Uko uwanja wa ndege?"

"Bado, Shangazi. Babu Rahim, baba yake aliitwa nani?"

"Umekamatwa?"

"Sijakamatwa."

"Unaoa?"

"Sioi. Shangazi, nisikilize." Akamweleza. Nilikuwa najiandaa kusikia ule utaalamu wake, maneno laini ya kumzungusha mama wa watu mpaka ayataje yale majina bila kujua anachokitoa. Hakuutumia. Alimwambia ziara, jumba, Jumamosi, vizazi saba.

"Kwa hiyo nikikutajia," Bi Kauthar akasema, "hurudi."

"Nitakuja kukusalimia."

"Sikukuuliza kusalimia."

"Ndiyo, Shangazi," akasema Marijani. "Nabaki."

"Na nisipokutajia?"

"Narudi mwisho wa mwezi."

Kule Tanga tukasikia jogoo, tukasikia mtu akipita anasalimia na hakuitikiwa. Abdulhadi alikuwa akiivuta futi yake na kuiachia, akaacha. Mimi nilitaka kumpokonya simu nimwambie bi mkubwa, sema chochote, buni hata wa uongo. Marijani alikaa ameinamisha uso, anasubiri kama mtoto, wala hakumhimiza.

"Una kalamu?" Bi Kauthar akauliza.

Hakuwa nayo. Nikachana karatasi kwenye daftari la oda, nikampa na kalamu yangu.

"Ninayo, Shangazi."

"Andika. Rahim, baba yake ni Chande. Huyo alikuwa na kigugumizi, lakini akiimba hakisikiki. Chande, baba yake Mwinyikombo. Huyo alioa mara tano na zote alilia siku ya harusi. Mwinyikombo, baba yake Shekue." Alikuwa anataja taratibu, kila mmoja na jambo lake, huyu mkali, yule mwizi wa nazi za msikitini, na kalamu ikimfuata. "Shekue, baba yake Bakari. Bakari, baba yake Kibwana. Hao ni saba. Huko nyuma bibi yangu hakunifikisha."

"Ahsante, Shangazi."

"Ngoja, sijamaliza. Na mimi uniandike hapo pembeni. Najua wanawake hatumo humo, kwetu wala kwao. Niandike tu. Hutakuwapo siku nikifa, Marijani, basi angalau jina langu uwe unalo mfukoni."

Marijani akaipandisha kalamu mpaka juu kabisa ya karatasi, juu ya wanaume wote saba, akaandika Kauthar kwa herufi kubwa, ndipo tukainuka kumuwahi Bibi Liang kabla hajafunga.